Taa ya Kichwani ya Mama Macho

Mtaani kwao wanamwita Mama Macho. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani ni mama mwenye macho makubwa, au mmbeya asiyepitwa na jambo. Wala. Macho yake ni madogo, ukitaka ukweli, na umbeya hana muda nao. Anaitwa hivyo kwa sababu kazi yake ni kuhesabu macho. Hulala mchana, na usiku huingia msituni na taa kichwani kutafuta macho ya komba juu ya miti. Komba mwenyewe humwoni; ni mnyama mdogo wa rangi ya gome, keshakuruka kabla hujamaliza kusema "yule pale." Lakini macho yake yakipigwa na mwanga huwaka kama makaa mawili. Jozi moja ya makaa, komba mmoja. Wanaoulinda msitu hawawezi kujua kama komba wanaongezeka au wanakwisha mpaka mtu aende akayahesabu macho hayo, na kwa miaka mingi sasa mtu huyo ni yeye.

Mumewe ni fundi cherehani, hodari wa suti na magauni, mtu wa vicheko, na giza analiogopa. Hafichi. Umeme ukikatika yeye ndiye wa kwanza kuita, "Jamani, mko wapi?" hata kama wote wamekaa naye kwenye kochi moja. Watu wamecheka mpaka wamechoka, kwamba Mungu naye ana utani, kumchukua mwanamke wa gizani na kumwoza mwanamume anayelala na taa ya ukumbini ikiwaka. Fundi hucheka nao. Ila akiulizwa anamwonaje mkewe, kicheko hupungua. Husema, "Yule si mwenzenu." Na huishia hapo, kwa sababu akiendelea atajisifia mke mpaka wateja wakose nguo zao.

Kazi ile haikuwa ya mama huyu tangu mwanzo. Alianza kama mpishi wa kambi. Jioni moja mhesabuji wa wakati huo aliugua homa, mpishi akaombwa angalau ashike kalamu, awe anaandika anachoambiwa na mhesabuji aliyebaki. Aliporudi alikuwa ameona macho mengi kuliko yule aliyekuwa akimwandikia. Mtu wa kambi akamwambia taa imemkaa vizuri kichwani. Naye akajibu kwamba siri ni hiyo hiyo ya kichwani: ukishika tochi mkononi, mwanga unakwenda huku na macho yako yapo kule, makaa hayakurudii. Lazima taa ikae juu ya macho yako mwenyewe, itazame unapotazama. Hakusoma mahali, aliliona tu. Tangu siku hiyo sufuria zilipata mpishi mwingine.

Katika kazi hiyo ya mbali, kipo kipande kimoja ambacho ni cha fundi: kufunga begi. Mkewe hufua, huchaji, huweka vitu vyote kitandani. Kisha hukaa pembeni na kikombe chake cha chai, akamwacha mumewe afunge. Mikono ya fundi inajua kitambaa. Akikunja shati linakaa kama halijatoka dukani. Soksi huzificha ndani ya viatu, dawa huzizungushia taulo, na kila kitu kinachovunjika hukitafutia mahali pa kubanwa pande zote kisitikisike. Mwisho hulipigia goti begi lote, akavuta zipu, akapiga mluzi. Hiyo ndiyo safari yake msituni, na inaishia mlangoni.

Basi safari iliyopita ndiyo iliyoharibu mambo. Mama Macho alikuwa mbali kabisa na kambi, kwenye njia inayopita ukingoni mwa korongo, taa yake ikafifia, ikafa. Taa ya akiba alikuwa ameshamwazima mwenzake, ambaye yake ilianguka mtoni, na mwenzake huyo alikuwa njia nyingine. Mbele yake korongo, nyuma yake mizizi na utelezi. Akafanya lililo la akili: akakaa chini, akaukumbatia mti, akasubiri kukuche. Ndugu yake wa kiume, ambaye ndiye dereva wa gari la kambi, alimkuta asubuhi amelowa chapachapa, midomo inatetemeka, na jambo la kwanza alilomwambia ni kwamba huko bondeni kuna komba wengi kuliko walivyodhani, maana usiku kucha alikuwa akiwahesabu kwa vilio vyao.

Dereva alisimulia hivyo nyumbani akidhani anachekesha. Fundi hakucheka. Aliinuka akaenda chumba cha kushonea, akakaa mbele ya cherehani bila kushona chochote. Alimwona mkewe ameukumbatia mti, na giza lile lote, na korongo. Mkewe alipomfuata, akamwambia bila kugeuka:

"Ofisini si walikupa nafasi? Ya kupanga hayo mahesabu yanayoletwa na wengine?"

"Walinipa."

"Kwa nini usiichukue, mke wangu?"

Mama Macho alikaa juu ya furushi la vitambaa. Angeweza kupandisha sauti. Ana sauti anapoitaka. Badala yake akauambia mgongo wa mumewe:

"Baba watoto, tufanye hivi. Taa ile imeingia maji usiku ule, haiwaki tena. Nahitaji nyingine kabla msimu haujaanza. Uchague wewe."

"Mimi? Mimi najua nini taa za msituni?"

"Hujui. Ila utakayoiamini wewe, ndiyo nitakayoivaa. Usipoiamini hata moja, nitakaa ofisini, na hutasikia nanung'unika. Nimekula kiapo."

Hapo fundi akageuka. Alimjua mkewe: akishasema, amesema. Sasa miguu ya mwanamke huyu na msitu wake wote vilikuwa mikononi mwa mwanamume anayeogopa kwenda chooni umeme ukikatika.

Walikwenda pamoja dukani. Muuza duka ni mtu anayeuza kila kitu chenye waya, na suruali zake zote zimepita mikononi mwa fundi, kwa hiyo alikuwa tayari kuwavumilia. Akamwaga taa za kuchaji juu ya meza ya kioo. Fundi moyo ukamwangukia moja papo hapo: kubwa, nyeusi, ina vioo vitatu, na kwenye boksi lake wameandika kwamba inamulika mbali ajabu na inakaa na chaji siku nyingi. Akaiwasha. Muuza duka akafunika uso.

"Fundi, unanipofua bwana!"

"Hii ndiyo taa," alisema fundi. "Hii hata chui akiiona anaomba radhi."

Mama Macho alizipokea taa moja moja. Alikuwa na tabia ambayo mumewe aliiona bila kuielewa. Kila taa aliyopewa, hakuangalia kwanza mwanga, aliangalia swichi. Aliigusa kwa kidole cha gumba, taratibu, akaipima inavyobonyea. Kisha akauliza:

"Hii swichi yake inafungika?"

"Inafungika vipi, mama?" akauliza muuza duka.

"Isiwake ikiguswa."

"Ah, sasa taa isiyowaka ikiguswa ya nini?"

"Ya nini?" fundi naye akadakia, akicheka.

"Basi tu," mkewe akasema, akaishika taa nyingine na kuuliza habari za mkanda. Ilikuwa si kawaida yake kuacha swali likining'inia, lakini fundi alikuwa bado anaimulika dari na lile lidude lake la vioo vitatu.

Wakakubaliana wachukue taa tatu wakazijaribu nyumbani, mbili zirudi. Moja ni hilo lidude. Ya pili ilikuwa nyepesi mno, ya kupendeza, betri yake imezibwa ndani kwa ndani. Ya tatu, iliyochaguliwa na Mama Macho kimyakimya ikasukumwa na muuza duka kwenye mfuko, haikuwa na sura ya kusifiwa: ya kijivu, mkanda mpana, betri inatoka, vitaa vinne vidogo ubavuni vya kuonyesha chaji iliyobaki, na mwanga mwekundu pamoja na mweupe.

Fundi aliichukulia kazi ile kama mtihani wa udaktari. Cherehani ikalala. Wateja waliokuja waliambiwa wapite keshokutwa. Alijifungia stoo mchana kweupe, akaziba mwanya wa chini ya mlango kwa shuka, na kila baada ya muda mkewe alisikia sauti ikiuliza kutoka ndani, "Upo hapo?"

"Nipo," akajibu huku akimenya viazi.

"Sawa. Nauliza tu."

Hakujua taa hupimwaje, kwa hiyo alizipima kwa anachokijua. Alichukua kitambaa cheusi, uzi mweusi na sindano, akaanza kushona gizani kwa kila taa. Lidude la vioo vitatu lilimwaibisha. Mwanga wake uligonga sindano ukamrudia usoni, akajichoma kidole, akatoka nje analengwalengwa na machozi. Alipoipunguza, akaona inashuka mpaka kufanana na zile nyingine. Akaiacha iwake kwa nguvu zake zote, na haikupita muda ikapoa yenyewe, ikawa mwanga wa kawaida kabisa, na kabla hajamaliza kupiga pindo la suruali moja ikazima. Haikuaga.

"Mbona boksi linasema siku nyingi?" alilalamika.

"Siku nyingi kwa ule mwanga wake mdogo kuliko yote," mkewe alimweleza. "Ule wa kutafutia kandambili chini ya kitanda. Ule mkali wanaouonyesha dukani hawauhesabu."

"Sasa ulijua, ukaniacha nijichome sindano?"

"Mwenye kuamini ni wewe. Ningekuambia ungeniamini mimi, si taa."

Akaichukua ile nyepesi. Hiyo ilishona vizuri, hata akaisahau kichwani akaenda nayo dukani kununua sukari. Lakini mkewe alimuuliza ikiishiwa katikati ya msitu, mbali na paneli ya sola, atafanyaje, na fundi akaigeuzageuza akitafuta mahali pa kutolea betri, asipaone. Ikarudishwa kwenye boksi lake.

Ikabaki ya kijivu. Fundi aliitesa bila huruma. Aliizamisha kwenye ndoo ya maji ya kufulia. Aliivaa akikatakata kuni nyuma ya nyumba mpaka jasho likaulowesha mkanda, ikakaa palepale kwenye paji la uso. Aliibadilisha betri amefumba macho, amevaa glavu, akaangusha mara ya kwanza, akaweza mara ya pili. Akaiwasha stoo na kukaa nayo. Vitaa vya ubavuni vikazimika kimoja baada ya kingine, kwa adabu, na kilipobaki cha mwisho taa ikakonyeza mara kadhaa kumwonya, kisha ikaendelea kutoa mwanga hafifu kwa muda mrefu, wa kumtosha mtu kurudi kambini. Kwa ule mwanga mwekundu, ambao mkewe alisema komba hawaukimbii, aliweza kuona sindano, uzi na mikono yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza alikaa gizani bila kuita mtu. Alitoka stoo ametulia.

"Hii haijisifu," alisema. "Hii naiamini."

Mama Macho aliacha kazi aliyokuwa akiifanya, akaja akamshika mkono wenye plasta kidoleni. Hakusema ahsante, ila hakuuachia upesi. Siku hiyo fundi alijiona mrefu.

Mkesha wa safari vitu vikapangwa kitandani kama kawaida. Mama Macho alikwenda kwa jirani kuaga. Fundi akaanza kukunja. Shati, suruali, koti la mvua. Taa akaishika kwa mikono miwili kama yai, akaitafutia mahali pazuri kuliko vyote: kati ya viatu viwili vya mpira, ibanwe pande zote, isitikisike njia nzima. Ndipo alipokuwa akiiweka siku zote, hata ile ya zamani. Akajaza, akapiga goti, akavuta zipu. Akanyoosha mkono kuzima taa ya chumbani ili atoke.

Begi likawa linawaka.

Mwanga mwekundu ulikuwa ukipenya kitambaani, mdogo, mtulivu. Fundi alisimama hapo gizani. Mwanzo alidhani taa ni mbovu, na moyo ukamlipuka kwa hasira na muuza duka. Kisha akaelewa. Akakaa kitandani. Alifungua zipu, akaitoa, akaizima. Akaenda kwenye droo akaichukua ile taa ya zamani iliyokufa, akaitia kati ya viatu, akakandamiza kwa kiganja. Swichi ikalia: twa. Aliirudia. Twa. Kila alipobana, na yeye ni hodari wa kubana.

Kumbe usiku ule taa ile haikuzimika kwa uzee. Ilitoka nyumbani imejaa chaji, ikawaka ndani ya begi njia nzima mpaka msituni. Aliyeiwasha ni yeye. Alimfungia mkewe begi kwa mapenzi yake yote, akamsukuma nalo mpaka ukingoni mwa korongo.

Mkewe alimkuta amekaa hivyo, vitu vimemwagwa, taa mbili magotini. Alitazama viatu, akatazama mumewe, na uso wake haukushangaa.

"Ulijua," alisema fundi.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Gari lilichelewa, tukafika jua limezama, sola haichaji tena, nikafungua begi nikaikuta inawaka ina joto. Nikajiambia iliyobaki inanitosha. Kuingia nayo korongoni ni kiburi changu mimi, baba watoto, wala usikibebe."

"Swichi inafungika," fundi alinong'ona. "Ndicho ulichokuwa ukiulizia dukani."

"Ndicho. Nilidhani nitawahi kurudi kwa jirani niifunge kabla hujaiweka."

Fundi alifuta uso kwa kiwiko. Kiapo kilikuwa bado kipo, na wote wawili walikijua. Angetamka neno moja tu, siiamini, na asingekuwa amesema uongo. Ni nani ataiamini taa inayojiwashia yenyewe begini? Mkewe angelala nyumbani kesho, na kila usiku baada ya kesho, kando yake, taa ya ukumbini ikiwaka. Alilionja neno hilo ulimini. Lilikuwa tamu.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza badala yake. "Umeniacha nidhani taa ilizeeka, nijichome masindano, kumbe ni mimi?"

Mama Macho akakaa kando yake, akaipokea taa ya zamani na kuiweka chini.

"Ningekuambia, usingenifungia begi tena."

"Na ingekuwa afadhali!"

"Kwako. Mimi nikifika kule, pabaya kule, kila kitu kinanuka matope na petroli. Nafungua begi nakuta shati limekunjwa vile. Najua kuna mtu aliyelikunja ili nirudi." Akaokota shati moja. "Hilo sikutaka lizimike. Taa nyingine tungepata."

Fundi alilia, na hakuona haya, na mkewe alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akaichukua taa ya kijivu, akamwekea mumewe kidole cha gumba juu ya swichi, akambonyezea na kushikilia. Taa ikakonyeza mara mbili, ikazima. Akambonyezea tena. Kimya. Tena. Kimya.

"Imefungwa," alisema. "Ukitaka kuifungua unashikilia hivyo hivyo. Ikiguswa kwa bahati mbaya haifunguki."

Fundi alijaribu mwenyewe mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Halafu akainuka, akakunja kila kitu upya, shati baada ya shati, soksi ndani ya viatu, na taa mahali pake pa siku zote, kati ya viatu viwili. Mkewe alikaa pembeni na chai yake. Akavuta zipu. Akazima taa ya chumbani, akazima na ya ukumbini, ambayo haijawahi kuzimwa na mkono wake, akarudi kwa kupapasa ukuta. Akaliwekea begi kiganja, kisha goti, akalikandamiza kwa uzito wake wote.

Chumba kikabaki giza totoro.

"Naiamini," alisema fundi, akakaa pale pale juu ya begi, na hakuuliza kama kuna mtu.